Miezi Mitatu ya Kwanza Korea Kusini: Mwongozo wa Mambo ya Kila Siku kwa Mgeni

Korea Kusini humrahisishia sana maisha mtu aliyekwisha kuingia katika mfumo wake, na humtaabisha vilevile yule ambaye bado yuko nje yake. Mwenye kadi ya ukaazi, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake na akaunti ya benki anaweza kulipa kodi ya nyumba, kukata tiketi ya treni ya kwenda Busan na kuagiza mchele usiku akaukuta mlangoni asubuhi, bila kutoka chumbani. Asiye na vitu hivyo vitatu hukwama hata anapotaka kununua viatu mtandaoni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ambao vitu hivyo hupatikana, kwani kila kimoja hudai kile kilichokitangulia, na anayejaribu kuruka ngazi hurudishwa alikotoka kwa upole mwingi na bila nafasi ya kubembeleza. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi au mfanyakazi kutoka Afrika Mashariki na Kati atakayekaa zaidi ya siku 90. Mtalii wa wiki mbili hahitaji sehemu kubwa ya haya.

Kabla ya safari: jifunze kusoma

Kazi ya kwanza hufanyika nyumbani, nayo ni kujifunza Hangul, maandishi yaliyobuniwa chini ya Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa rasmi mwaka 1446. Herufi zake za msingi ni 24 tu, konsonanti 14 na irabu 10, na hupangwa katika vifungu vya silabi, jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulizoea haraka kuliko anavyotarajia. Kuelewa lugha yenyewe kutachukua miaka, lakini kuyasoma maandishi kunawezekana ndani ya siku chache za bidii. Faida huonekana mara moja, kwa sababu vitufe vya mashine ya kufulia, maelezo kwenye pakiti ya dawa, majina ya vyakula ukutani na ubao wa basi la mtaani aghalabu huandikwa kwa Kikorea peke yake, na maneno mengi utakayoyasoma kwa sauti yatageuka kuwa ya Kiingereza unayoyajua tayari.

Katika mzigo wako weka vyeti vya asili pamoja na nakala zake zilizothibitishwa, picha ndogo zenye mandhari nyeupe za milimita 35 kwa 45, na adapta ya umeme. Soketi za Korea ni za volti 220 na hupokea plagi ya pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja yenye pini tatu bapa ya Nairobi au Dar es Salaam haitaingia. Makoti ya baridi yaache; ya huko ni mazuri zaidi na yametengenezwa kwa ajili ya baridi ya huko.

Siku ya kwanza: kadi ya usafiri na ramani

Ukitua Incheon, ingia duka lolote la saa 24 hapo uwanjani, ununue kadi ya T-money na kuijaza pesa taslimu. Kadi hii hutumika katika treni za mijini, mabasi na teksi nyingi karibu nchi nzima, na hata katika maduka hayohayo. Kwenye basi igusishe kwenye mashine unapopanda mlango wa mbele, kisha uigusishe tena unaposhuka mlango wa nyuma. Mguso wa pili wageni wengi huusahau, nao ndio unaokuwezesha kuhamia basi jingine au treni ndani ya dakika 30 bila kutozwa nauli mpya kamili. Kwa anayeishi na kusoma ndani ya Seoul, mji huo ulianzisha mwaka 2024 kadi ya kusafiri bila kikomo kwa siku 30 kwa bei isiyobadilika, lakini kabla ya kuinunua piga hesabu ya safari zako, kwa sababu haitumiki katika miji yote ya jirani.

Ramani ya Google, ambayo wengi wetu huitegemea, imekuwa dhaifu Korea kwa miaka mingi katika kuelekeza watembea kwa miguu na madereva, kwa kuwa serikali iliwekea masharti utoaji wa data za ramani nje ya nchi. Pakua Naver Map au KakaoMap, na pamoja nazo KakaoTalk, ambayo huko ndiyo nafasi iliyoshikwa na WhatsApp kwetu: mwenye nyumba, mwalimu, fundi na kikundi cha darasa wote watakutafuta humo.

Ndani ya treni, viti vya mwisho wa kila behewa ni vya wazee, walemavu na wagonjwa, na kijana havikalii hata vikiwa vitupu. Viti vya rangi ya waridi ni vya wajawazito. Simu hupokelewa kwa sauti ya chini au haipokelewi kabisa, na anayezungumza kwa sauti ya daladala ataangaliwa na behewa zima.

Kadi ya ukaazi, na jinsi jina lako linavyoandikwa

Sheria inamtaka mgeni atakayekaa zaidi ya siku 90 ajiandikishe katika ofisi ya uhamiaji kabla siku hizo hazijaisha tangu aingie nchini. Usiingie ofisini bila miadi. Nafasi huwekwa kupitia tovuti ya serikali iitwayo HiKorea, na katika miezi ya Machi na Septemba, mihula ya vyuo inapoanza, foleni ya miadi hurefuka kwa wiki nyingi, kwa hiyo weka nafasi katika juma lako la kwanza hata kama nyaraka hazijakamilika. Vyuo vingi hukusanya maombi ya wanafunzi wapya na kuyapeleka kwa pamoja. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuhangaika peke yako. Utahitaji pasipoti, fomu, picha, uthibitisho wa chuo au mwajiri, uthibitisho wa mahali unapoishi na ada, nawe utachukuliwa alama za vidole. Raia wa baadhi ya nchi hudaiwa pia cheti cha kupimwa kifua kikuu. Ukiwa na shaka, piga 1345, kituo cha simu cha uhamiaji ambacho huhudumia kwa lugha nyingi, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zikiwemo. Kadi huchukua wiki kadhaa kutoka.

Jambo litakalokusumbua kwa muda mrefu kuliko yote halimo katika orodha hiyo ya nyaraka, nalo ni jina. Jina la Mkorea kwa kawaida ni silabi tatu, la ukoo likitangulia, na mifumo ya benki, simu na tovuti ilijengwa kwa ajili yake. Sisi tunakuja na majina matatu, wakati mwingine manne, na pasipoti iliyoyagawa katika mistari miwili. Tuseme unaitwa Juma Hamisi Salehe. Kadi ya ukaazi itaandika SALEHE JUMA HAMISI. Karani wa kampuni ya simu, akiona nafasi haitoshi, ataandika SALEHEJUMAHAMISI bila kuachanisha, na yule wa benki ataandika JUMA HAMISI SALEHE kwa kuwa ndivyo ulivyojitambulisha. Kila mmoja amefanya kazi yake, huduma zote tatu zinafanya kazi, na hutahisi tatizo lolote hadi siku utakapotaka kununua kitu mtandaoni. Hapo itafunguka dirisha ndogo ikikutaka uthibitishe utambulisho wako kwa simu: utajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia na namba, utabonyeza, nayo itajibu kwa sentensi moja kwamba taarifa hazilingani. Haitasema ni taarifa ipi.

Tiba yake ni kuzuia. Ukishapata kadi, lichukulie jina lililo juu yake, kwa mpangilio wake, kwa herufi zake kubwa na nafasi zake, kuwa ndilo jina lako pekee nchini humo. Katika kila kaunta mwonyeshe karani kadi badala ya kutamka jina, kisha kabla hajakamilisha omba uone skrini au fomu na ulinganishe herufi kwa herufi. Karani hatakasirika, kwa sababu amekwisha kuwaona wageni waliorudi kwa tatizo hilihili. Kama jina tayari limeandikwa kwa namna mbili, nenda kwenye kampuni ya simu kwanza, kwa maana uthibitisho mwingi hupitia huko, ndipo urekebishe benki.

Laini, benki na bima

Wakati unasubiri kadi, tumia laini ya malipo ya kabla inayosajiliwa kwa pasipoti. Kadi ikitoka, hamishia laini hiyo kwa jina lako kama lilivyo kwenye kadi au fungua laini mpya. Kampuni ndogo zinazokodi mitandao ya zile tatu kubwa, SK Telecom, KT na LG Uplus, huwa na bei nafuu zaidi na mtandao uleule.

Baada ya hapo ndipo uende benki, ukiwa na pasipoti, kadi, simu na cheti cha chuo au mkataba wa kazi. Akaunti ya mgeni mpya aghalabu hufunguliwa ikiwa na kikomo cha kiasi unachoweza kutuma au kutoa kwa siku, kwa sababu benki zinajikinga na matapeli wanaotumia akaunti za watu wengine. Usibishane, kikomo huondolewa baadaye ukileta ushahidi wa mshahara au posho inayoingia kila mwezi. Kuhusu matapeli hao, usimkopeshe mtu akaunti yako wala kadi yake, hata awe mtani wako wa nyumbani, maana hilo ni kosa la jinai Korea na wanafunzi wa kigeni huangukia humo kwa ajili ya malipo madogo.

Bima ya afya ya taifa ni ya lazima kwa wageni wakaazi tangu Julai 2019, na wanafunzi wakaingizwa rasmi Machi 2021. Bili itakufikia yenyewe. Wapo wanaoiweka kando wakisema hawaumwi, lakini deni la bima huonekana pale unapoomba kuongezewa muda wa kukaa, na linaweza kukufupishia muda huo.

Nyumba

Chumba cha bweni ndicho salama kwa muhula wa kwanza. Nje ya bweni utakutana na goshiwon, vyumba vidogo sana visivyodai amana kubwa, na vyumba vya kupanga ambavyo hudai amana pamoja na kodi ya kila mwezi. Amana ya kawaida ni mamilioni ya won, na ipo pia mikataba ambamo mpangaji hutoa amana kubwa mno bila kulipa kodi ya mwezi. Mikataba hiyo imewaumiza Wakorea wenyewe, wenye nyumba walipofilisika amana zikiwa mikononi mwao, na kwa maoni yangu mgeni wa mwaka wa kwanza asiiguse.

Kabla ya kulipa chochote, mtake dalali akutolee hati ya usajili wa jengo siku hiyohiyo, akuonyeshe mmiliki ni nani na jengo lina mkopo kiasi gani, halafu hakikisha akaunti unayoipelekea pesa ina jina la mmiliki huyo. Ukishahamia, una takribani wiki mbili za kutoa taarifa ya anwani mpya uhamiaji au ofisi ya mtaa. Omba pia mhuri wa tarehe kwenye mkataba, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayolinda amana yako nyumba ikipigwa mnada. Baadhi ya wenye nyumba hukataa wageni waziwazi, na hakuna haja ya kupoteza wiki ukiwashawishi. Nenda kwa madalali waliozoea wageni karibu na vyuo, au katika kituo cha Seoul Global Center ambacho hutoa ushauri bila malipo.

Ndani ya nyumba, viatu huvuliwa mlangoni. Joto hutoka sakafuni, kwenye mabomba ya maji ya moto, na huongozwa na kidude cha ukutani. Tafuta juu yake kitufe kilichoandikwa 외출, chenye maana kwamba umetoka. Usizime mtambo kabisa unaposafiri mwezi Januari, wakati baridi ya Seoul inaposhuka chini ya nyuzi kumi chini ya sifuri, kwa sababu mabomba yataganda na kupasuka, na gharama inaweza kukuangukia wewe.

Takataka

Majirani watakupima kwa takataka kuliko kwa kitu kingine chochote. Tangu mwaka 1995 Wakorea hulipia taka kwa ujazo, na malipo hayo yamo ndani ya bei ya mfuko wenyewe. Mifuko rasmi huuzwa madukani, imechapwa jina la wilaya, na mfuko wa wilaya moja haukubaliki katika nyingine. Taka za kawaida huingia humo. Chupa, makopo, karatasi na plastiki hutenganishwa na kutolewa bure, vikiwa vimeoshwa, na chupa za maji zilizo angavu huvuliwa karatasi yake ya nembo na kuwekwa peke yake.

Mabaki ya chakula yana njia yake. Katika majengo mengi ya ghorofa kuna mashine uani: unagusisha kadi ya nyumba yako, kifuniko kinajifungua, unamimina, unagusisha tena, na skrini inaonyesha gramu ulizotupa, ambazo utalipia mwisho wa mwezi. Ugumu ni kujua chakula ni kipi. Sehemu ya mabaki haya hugeuzwa lishe ya mifugo, kwa hiyo kanuni inayokusaidia ni kujiuliza kama mnyama angekila. Mifupa ya kuku, maganda ya mayai, magamba ya chaza, maganda makavu ya vitunguu na majani ya chai hayaliwi, na huenda kwenye mfuko wa kawaida. Maganda ya ndizi na mabaki ya ugali huenda kwenye mashine, baada ya kukamuliwa maji, kwani maji nayo yana uzito.

Godoro, kiti au meza hununuliwa stika katika ofisi ya mtaa kabla ya kutolewa nje. Anayetupa kinyume cha utaratibu anaweza kupigwa faini ya hadi won 1,000,000, na watu wa usafi hawaoni tabu kufungua mfuko na kutafuta karatasi yenye anwani.

Kula nje na kula kwako

Katika mkahawa, vijiko na vijiti vya kulia mara nyingi vimo katika droo chini ya ubao wa meza, mhudumu huitwa kwa kengele iliyo mezani, vitoweo vidogo huongezwa bila malipo, na bili hulipwa kwenye kaunta wakati wa kutoka. Bakshishi haitolewi. Mkubwa wa meza ndiye aanzaye kula, na usichomeke vijiti vikasimama katika wali, kwa kuwa hivyo ndivyo wali unavyowekewa marehemu.

Kwa Mwislamu kazi ni kubwa zaidi, maana nguruwe huingia katika supu, soseji na tambi za pakiti ambazo picha yake haionyeshi nyama yoyote. Jifunze kulitambua neno 돼지고기, yaani nyama ya nguruwe, kwenye orodha ya viungo. Mtaa wa Itaewon, ulipo Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, una bucha na mikahawa ya halali, na maduka ya vyakula vya kigeni ya hapo, pamoja na yale ya Ansan, mji ulio karibu na Seoul, ndiko pa kutafuta unga wa mahindi. Sukuma wiki itakusumbua. Wengi huridhika na spinachi na majani ya figili, ambayo ni ya bei nafuu sokoni.

Kuishi na watu

Aliyelelewa kuamkia wakubwa ana nusu ya adabu za Kikorea tayari. Inama kidogo unaposalimu, toa na upokee kitu kwa mikono miwili, na usimwite mtu mzima kwa jina lake tupu: mwenye duka ni sajangnim, mwalimu ni seonsaengnim. Utaulizwa umri mapema, nawe usione kwamba umechokozwa. Anayekuuliza anatafuta namna ya kukuheshimu. Jibu kwa umri wa pasipoti, kwani tangu Juni 2023 sheria inatambua hesabu hiyo. Wazee wengine watakutazama sana, na huenda mmoja akagusa nywele zako bila kuomba. Una haki ya kukataa kwa mkono ulioinuliwa na tabasamu.

Mwenye upweke wa lugha akumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni hufundisha Kiswahili, na wanafunzi wake hutafuta watu wa kuzungumza nao.

Ukiugua, au simu ikilia ghafla

Kwa mafua, jino au ngozi, ingia kliniki ndogo ya mtaani yenye daktari bingwa. Huhitaji miadi, na kwa bima utalipa takribani asilimia 30 ya gharama. Dawa hutolewa duka la dawa lililo karibu, kwa karatasi ya daktari. Hospitali kubwa ya rufaa huhitaji barua kutoka kliniki, na bila barua hiyo bima haitakusaidia kama inavyopaswa. Polisi ni 112, na gari la wagonjwa na zimamoto ni 119.

Siku moja simu yako na za watu wote kwenye basi zitalia pamoja kwa mlio wa kutisha. Mara nyingi ni tahadhari ya serikali kuhusu mvua kubwa za mwishoni mwa Juni na Julai, joto kali, theluji au mtu aliyepotea. Programu ya serikali iitwayo Emergency Ready hukuletea ujumbe huo kwa Kiingereza.

Kabla kadi haijaisha

Mwanafunzi anayetaka kibarua aombe kibali cha uhamiaji kabla ya kuanza, siyo baada ya mshahara wa kwanza, hata kama mwenye mkahawa anasema haina shida, kwa sababu faini itawagusa wote wawili na rekodi itabaki kwako. Maombi ya kuongeza muda wa kukaa hupokelewa kuanzia miezi minne kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Weka miadi mapema, lipa deni lolote la bima na la kodi ya serikali, beba alama zako za muhula kwa kuwa zitaangaliwa, na kama pasipoti yako inakaribia kuisha anza kwa kuibadilisha kupitia ubalozi. Tanzania, Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zina balozi zake Seoul. Pasipoti mpya ikitoka, peleka taarifa yake uhamiaji, kisha benki na kampuni ya simu, na uhakikishe kwamba jina limeandikwa vilevile.